Pumzi na Kovu



Wapendwa waamini, mgodi mkubwa wa Golden Pride hapa Lusu ulikwisha kufungwa, lakini vumbi la mawe halijatuaga. Twawajua wachimbaji wadogo waliomeza dawa za kifua kikuu, na pumzi isirudi. Vumbi la silika huacha makovu mapafuni, na mwenye makovu hayo hushikwa na kifua kikuu upesi zaidi. Katika eksirei maradhi hayo mawili hufanana.

Tumesoma kwa mshangao juu ya gesi ya zenoni. Kipimo cha MRI hutegemea zaidi maji ya mwilini, nayo mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, hutokea giza. Mgonjwa huvuta zenoni iliyoandaliwa kwa leza, akazuia pumzi sekunde chache, na picha huonyesha ilikofika, hata inavyovuka ukuta wa pafu kuingia katika chembe nyekundu za damu. Penye kovu, huvuka kwa shida. Marekani iliidhinisha gesi hiyo mwaka 2022, kwa kupima uingiaji wa hewa tu. Upimaji wa makovu ungali katika utafiti.

Sisi tunaoamini kuwa Mungu alimpulizia Adamu pumzi twaifurahia elimu hiyo. Walakini haifuti kovu, na Nzega i mbali nayo. Anayekohoa na amweleze daktari miaka aliyofanya kazi karashani. Hilo halihitaji mashine. Nanyi wenye makarasha, lowanisheni mawe kabla ya kuyasaga. Kitambaa puani hakizuii vumbi lisiloonekana kwa macho.