Tulijua Kukataza, Hatukujua Kuokoa

Ndugu wasomaji, sisi tumesomesha watoto Kurani hapa Temeke miaka mingi, na siku zote tukiwahadharisha na ulevi. Lakini twakiri mbele yenu: tulijua kukataza, hatukujua kuokoa.

Alikuwapo mwanafunzi wetu mmoja, mwenye sauti nzuri ya kusoma. Ujanani alinaswa na unga, yaani heroini, dawa itokanayo na afyuni, iliyoanza kuingia pwani yetu katika miaka ya 1980. Babaye alimfukuza, nasi tukamwunga mkono. Akapelekwa shamba kwa jamaa, akakaa miezi bila ya kuugusa. Aliporudi tulishukuru. Siku ya tatu alikutwa katika pagale amekufa, wenziwe wamekimbia kwa kuchelea polisi.

Baadaye daktari mmoja alitufahamisha. Mwili wa mtumiaji huzoea kiasi kikubwa. Akiacha, mazoea hayo huondoka. Basi akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi hupungua hata zikakatika. Kwa hiyo aliyetoka shamba au kifungoni yumo katika khatari zaidi. Ukimwona haamki, anakoroma, midomo imegeuka rangi, usidhani amelala tu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Iko dawa iitwayo naloksoni, irudishayo pumzi akiwahiwa.

Na msaada u karibu. Tangu mwaka 2011 hospitali ya Muhimbili hutoa methadoni, dawa inywewayo kila siku mbele ya mhudumu, nayo hutuliza tamaa ya unga na yale maumivu ambayo vijana huyaita arosto. Kisha zikafuata Mwananyamala na Temeke. Mgonjwa hatozwi fedha. Lakini ni matibabu ya miezi na miaka, yataka subira ya nyumba nzima.

Alipotujia mwanafunzi mwingine mwenye msiba huo huo, hatukumhubiria. Tulifuatana naye hospitali alfajiri, tukangoja pamoja. Sasa hunywa dawa yake, na adhuhuri husimama nasi safuni. Wako wanaojitenga naye, sisi humsogelea.

Enyi wazazi, haramu ni haramu, wala hatuihalalishi. Lakini mgonjwa hafukuzwi nyumbani. Yule wa kwanza tulilibeba jeneza lake. Laiti tungalimshika mkono kabla yake. Mwenyezi Mungu amrehemu, atusamehe na sisi. Amin.