Unachomea Wapi?

Mgonjwa akinijia kutoka machimbo ya Nyarugusu au Mwakitolyo, miguu imevimba na hatua chache tu anatweta, tukishasalimiana namuuliza: unachomea wapi? Wa kazi ya dhahabu haombi ufafanuzi: anajua nauliza anapochomea zebaki iliyoshika dhahabu, ili zebaki iwe mvuke na dhahabu ibaki. Wengine huchomea mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu, wengine nyumbani, jikoni, watoto wakizunguka.

Nauliza kwa sababu ya mitokondria. Ndani ya seli ya msuli wa moyo zimejaa, takriban theluthi ya nafasi yote, kwa kuwa moyo hauna zamu ya kupumzika na akiba yake ya nishati haifiki dakika moja. Humo ndimo mafuta na sukari vinaunguzwa kwa oksijeni. Sasa mvuke wa zebaki hauna harufu, na karibu asilimia 80 ya unaovutwa hupita mapafuni na kuingia kwenye damu. Ikifika kwenye seli, zebaki hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini. Protini za mitokondria zikishikwa hivyo, nishati inapungua na oksijeni inazaa kemikali zinazotafuna seli yenyewe. Pampu zinazorudisha kalsiamu ghalani mwake ndani ya seli baada ya kila pigo nazo zina salfa hiyo. Zikilemaa, moyo haulegei sawasawa ili ujae damu.

Sisemi kila moyo uliotanuka ninaouona ni wa zebaki. Presha isiyotibiwa ndiyo inayoongoza. Halafu kuna gongo: mnywaji anayeshindia ugali mtupu hupungukiwa vitamini B1, na bila hiyo mitokondria haziwezi kumalizia kuunguza sukari. Mgonjwa huyo, nikiri, ndiye ananifurahisha. Sindano za B1, ambazo ni bei rahisi, huweza kufungua mkojo na kushusha uvimbe kwa siku chache. Zebaki haina sindano ya namna hiyo. Dawa za kuitoa mwilini zipo, lakini zitamsaidia nini anayerudi kuchoma jikoni jioni ileile?

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, na retoti, kile chombo cha chuma kinachonasa mvuke, si kitu kigeni huku. Lakini nikiwashauri waitumie, akina mama wa mwaloni wananijibu: "Dokta, ikiwa ndani ya chuma siioni dhahabu yangu. Nitajuaje sijaibiwa?" Hoja yao ina uzito, maana gramu moja ni ada ya mtoto. Basi naanzia padogo: wachomee nje, mbali na nyumba, upepo ukiwapiga mgongoni, na nguo za kazi zisiingie chumba cha kulala.