Namba ya Mtalaka Iko Kwenye Bango, na Msimu wa Korosho Huo Unakuja

Kuna dada mmoja Mtwara mjini, jina kapuni, ana duka la vitenge, madera na viatu maeneo ya Bima. Bango la duka lilikuwa na jina lililounganishwa kutoka herufi za majina mawili, lake na la mumewe. Chini yake ikakaa namba ya simu, kubwa kuliko hata jina lenyewe. Namba hiyo ni ya mume. Wakati wanafungua duka nani angewaza? Mume ndiye aliyekuwa na laini nyepesi kukariri, basi ikaandikwa.

Talaka ilikuja mwisho wa Juni. Talaka moja, kwa WhatsApp, ndiyo mambo ya siku hizi. Dada akarudi kwa mama yake Chikongola, na kesho yake akaenda kufungua duka kama kawaida. (Masheikh wana maneno yao kuhusu mwanamke wa eda na biashara, na mama alihakikisha anayasikia yote.)

Sasa mwenye duka wa Mtwara huhesabu mwaka wake kuanzia korosho kurudi nyuma. Mnada wa kwanza huwa Oktoba, hela zinaingia kwenye akaunti za wakulima, halafu watu wa Tandahimba, Newala na Nanyamba wanashuka mjini kununua. Wengi hawaji kubahatisha. Wanapiga simu kwanza, dada yale madera yapo? Na wanapiga ile namba ya kwenye bango waliyoipiga picha msimu uliopita. Mwenye namba naye, ilipofika Agosti, alikuwa ameshachukua fremu yake mtaa wa pili, anauza nguo zilezile. Yaani bango la dada lilikuwa linamtafutia wateja mshindani wake.

Lipa namba, iliyokuwa kwa jina la mume, alishaibadilisha wiki ya kwanza tu, hilo halikumsumbua. Bango ndilo lilikuwa kesi.

Mashoga zake wakasema shusha leo leo, unasubiri nini? Mama akakataa.

“Mwanangu, eda haijaisha. Mwenzio akitaka kukurejea ana haki hiyo mpaka siku ya mwisho. Ukilishusha leo, kwao watasema wewe ndiye uliyefunga mlango.”

Eda ya talaka huhesabiwa kwa twahara tatu, kwa wengi inakuwa karibu miezi mitatu. Yake ilikuwa iishe wiki ya nne ya Septemba. Na tuseme ukweli, dada naye alikuwa anazihesabu siku zile kwa sababu mbili. Mchana kwa ajili ya bango, usiku kwa ajili ya mtu. Mnaomcheka hapo, subirini yawakute.

Akachukua daftari la madeni, ukurasa wa nyuma, akaanza kupanga kutoka Oktoba kurudi nyuma. Bango liwe juu kabla ya mnada wa kwanza. Fundi kasema “wiki moja tu dada'angu”, akaandika wiki mbili. Akaongeza wiki nyingine ya dharura, kwa sababu mzigo mwingi unatoka Dar, na waliokuwa Mtwara Mei 2024 wanakumbuka jinsi mvua na kimbunga Hidaya vilivyokata barabara ya Dar. Halafu kuna kibali cha Manispaa ya Mtwara Mikindani, na ada ya bango inakwenda kwa ukubwa, kwa hiyo huwezi kuagiza kitu kabla hujakubaliana vipimo. Alipojumlisha yote, ikaonekana kazi ianze mwanzoni mwa Septemba. Ndani ya eda.

Fundi akamshawishi herufi za kuwaka taa, akope tu, korosho italipa. Akakataa. Mwaka 2018 serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, uhakiki wa wakulima ukachukua muda, hela zikachelewa, na wenye maduka waliojaza mzigo kwa mkopo walikaa nao. Akachagua fleksi ya kawaida juu ya fremu ileile ya chuma, isuguliwe kutu (chumvi ya bahari haina huruma) na ipigwe rangi.

Kuhusu eda alitafuta njia ya katikati. Jina akaliacha. Namba tu ndiyo akaipaka rangi nyeupe, jioni moja, amepanda stuli mwenyewe. Fleksi mpya ikachapishwa ikakunjwa, ikakaa chini ya meza.

Siku mbili kabla ya eda kuisha, simu ikaita. Yeye! Mkono ulitetemeka, mama akatoka nje kumpa nafasi.

“Samahani,” jamaa akasema, “hivi namba yangu pale kwenye bango ndiyo mmeifuta? Maana simu za wateja zimepungua.”

Hakuuliza kingine. Hata hali ya mama hakuuliza.

Eda ilipoisha fundi akaitwa. Akachelewa siku tatu, kama ilivyotarajiwa, na ile wiki ya dharura ikammeza bila shida. Jina jipya nalo kapuni, ila limetolewa herufi za mtu mmoja tu. Namba ni ya dada, na siku za mwanzo iliita kwa shida kwa sababu wateja wa Newala bado walikuwa na picha ya zamani kwenye simu zao. Akaanza kuwapigia mmoja mmoja kutoka kwenye daftari.

Fundi akauliza fleksi ya zamani aitupe wapi. Mama akamwambia alete hapa. Ikaenda Chikongola, ikatandikwa uani kuanikia makopa, upande wa maandishi chini.