Jagwa Kwenye Malisho ya Ng'ombe

Barabara ya Transpantaneira inaanzia Poconé, mji wa wafugaji na wachimba dhahabu katika jimbo la Mato Grosso, magharibi mwa Brazili, na inakoma ukingoni mwa mto Cuiabá, mahali paitwapo Porto Jofre. Ni kilomita 147 hivi za vumbi na madaraja zaidi ya 100, mengine ya mbao, yanayolia kila gari linapopita. Ujenzi ulipoanza miaka ya 1970, nia ilikuwa kuifikisha Corumbá, karibu na mpaka wa Bolivia. Maji hayakuruhusu. Ili kuinua tuta juu ya mafuriko, wajenzi walichota udongo kandokando ya njia, wakaacha mashimo marefu nyuma yao. Mwezi Agosti, mabwawa ya porini yanapokauka, mashimo hayo bado yana maji, na kila chenye magamba, mbawa au meno hukimbilia humo. Barabara ambayo haikufika ilikokusudiwa ndiyo leo inayowaleta watu kutoka pande zote za dunia kuja kutazama wanyama.

Nchi yenyewe inaitwa Pantanal. Ni uwanda wa majimaji ulio mkubwa kuliko mwingine wowote wa ukanda wa joto. Upande wa Brazili peke yake una kilomita za mraba zipatazo 150,000, na vipande vingine viko Bolivia na Paraguay. Rwanda na Burundi zikiunganishwa hazifiki nusu yake. Ardhi imelala tambarare kiasi kwamba mteremko ni sentimita chache tu kwa kila kilomita, kwa hiyo mvua zinazoanza Oktoba hazikimbilii baharini. Hutambaa. Hufurika kaskazini kwanza, kisha huchukua miezi kufika kusini, hata watu wa kusini huona mafuriko wakati jua limekwisha kung'aa juu yao na mvua wameisahau. Mto Paraguay ndio unaoyapokea yote mwishoni.

Mwenzangu wa safari alikuwa dereva wa watalii kutoka Arusha, mtu aliyezoea kushika usukani wa Serengeti, na sasa alikaa kiti cha abiria. Mwongozaji wetu alikuwa kijana wa jiji la Cuiabá aliyezaliwa katika familia ya wachunga ng'ombe. Hawakuwa na lugha moja, ila walielewana kwa vidole na kwa kunyamaza. Mmoja akisimamisha macho mahali, mwingine naye hugeuka huko huko.

Tulianza na mamba. Mamba wa Pantanal, ambaye wenyeji humwita jacaré, ni mdogo. Ni nadra kuzidi mita mbili na nusu. Kwa mtu ajuaye habari za mto Rufiji, ambako mamba ni msiba unaoingia nyumbani, inachukua muda kuamini kwamba hawa wanaolala kwa mamia pembeni mwa daraja, vinywa wazi, hawamfuati mtu. Miaka ya 1980 majangili waliwachuna ngozi kwa wingi wa kutisha. Walipodhibitiwa na biashara ya magendo ikabanwa, mamba walirudi, na leo wanahesabiwa kwa mamilioni. Katikati yao walitembea kapibara, panya wakubwa kuliko wote duniani, wenye uzito unaoweza kufika kilo 60, wakila majani bila haraka. Yangeyange, mnandi na midiria walijaa matawini. Juu ya mti mmoja mkavu palikuwa na kiota kikubwa cha tuiuiú, korongo mweupe mwenye kichwa cheusi na kola nyekundu shingoni, ndege ambaye watu wa Pantanal wamemfanya alama ya nchi yao.

Kilichomshangaza mwenzangu hakikuwa wanyama. "Kaka, geti la hifadhi liko wapi?" aliniuliza. Kulikuwa na mageti mengi, ila yote yalikuwa ya zizi. Zaidi ya asilimia 90 ya Pantanal ya Brazili ni mali ya watu binafsi, mashamba ya mifugo yaliyorithiwa baba kwa mwana tangu karne ya 18 na ya 19. Ng'ombe weupe wenye nundu, ambao asili yao ni India, hulisha pamoja na swala wa majimaji na mla-mchwa mkubwa. Wachungaji hupanda farasi wa kienyeji waliozoea kutembea ndani ya maji siku nzima bila kwato kuoza. Sisi wa Afrika Mashariki tumelelewa na ramani yenye mstari: upande huu watu na mifugo, upande ule wanyama, na aliyevuka na ng'ombe wake ana kesi. Mstari huo uliwahamisha Wamaasai kutoka Serengeti mwaka 1959, na bado unawatoa machozi wengine. Pantanal wanyama wamebaki bila mstari, kwa sababu mafuriko yalimzuia mfugaji asilime bonde lote wala kulijaza ng'ombe. Sisemi kwamba hapo kuna haki. Shamba moja huweza kuwa na maelfu ya hekta wakati mchungaji hana hata kiwanja. Lakini nilichokiona kilinitikisa katika jambo nililodhani nalijua.

Tulilala kwenye shamba la namna hiyo, ambalo nusu ya kipato chake sasa hutokana na wageni. Chakula cha jioni kilikuwa wali uliopikwa na nyama ya kukausha, samaki aitwaye pacu aliyechomwa na mbavu zake nene, na farofa, unga wa muhogo uliokaangwa kwa siagi na ndizi. Muhogo asili yake ni huku. Wareno ndio walioupeleka pwani zetu, na mezani hapo niliula kama mtu aliyefika kwa wazee wake.

Asubuhi walikuja arara wa buluu. Kasuku huyu hufikia mita moja kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, na rangi yake ni buluu iliyokolea kabisa, yenye pete ya manjano machoni. Mdomo wake huvunja kokwa za mnazi-pori ambazo ng'ombe huzipitisha tumboni na kuziacha zikiwa safi, kwa hiyo hata chakula chake kimefungamana na mifugo. Katika miaka ya 1980 alikaribia kwisha, kwa kuwa alinaswa na kuuzwa kama pambo. Mwaka 1990 mwanabiolojia Neiva Guedes alianzisha mradi wa kumhifadhi, akapita shamba kwa shamba akiwasihi wenye ardhi wasikate miti ya viota na akitundika masanduku ya mbao pale mashimo ya asili yalipokosekana. Arara huyu ni mchaguzi: karibu viota vyake vyote viko ndani ya mti mmoja, manduvi, na manduvi huhitaji miaka 60 hivi kabla shina halijawa pana kiasi cha kumpa nafasi. Mbegu za manduvi husambazwa zaidi na tukani, ndege wa mdomo mkubwa wa rangi ya chungwa. Na tukani huyo huyo ndiye mwizi mkuu wa mayai ya arara. Anayempandia nyumba ndiye anayekula watoto wake, na ukimwondoa mwizi, baada ya kizazi kimoja nyumba zitakwisha. Mwongozaji alituambia habari hiyo huku tukani mwenyewe ametua juu ya paa la jiko.

Porto Jofre ni mwisho wa gari na mwanzo wa boti. Ng'ambo kuna Hifadhi ya Jimbo ya Encontro das Águas, iliyotengwa mwaka 2004, yenye hekta 108,000 za mito na vijito vilivyosukwa pamoja. Juu ya maji hayo huelea gugumaji. Mtu wa Kisumu au Mwanza hawezi kuliona jani lile bila uchungu. Limeziba bandari zetu za Ziwa Victoria na kuwanyima wavuvi njia. Amerika ya Kusini ndiko kwao, na huku lina adui zake, wakiwemo fukusi wanaolitafuna. Fukusi wa jamii hiyo ndio walioletwa na kuachiwa Ziwa Victoria katikati ya miaka ya 1990. Huku majani yale huja na mafuriko, huteremka na mto yakiwa visiwa, na samaki wachanga hujificha chini ya mizizi yake. Nililitazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Jagwa alionekana jua likiwa limepanda. Alikuwa jike, akitembea ukingoni kimya, mabega yakipanda na kushuka. Si chui wetu. Chui ni mwembamba na hupenda miti. Jagwa ana kichwa kipana na taya nzito, na dume la Pantanal huzidi kilo 100. Alisimama, akatazama maji, akajirusha. Maji yalitibuka, kisha akaibuka akiwa amemshika mamba nyuma ya kichwa. Paka wakubwa wengine huua kwa koo. Huyu hutoboa fuvu. Alimburuta juu ya kingo iliyosimama kama ukuta, akapotea vichakani, na yote hayo hayakuzidi muda wa kuvuta pumzi chache.

Habari ilikuwa imekwisha kurushwa redioni. Boti zilifika moja baada ya nyingine, zikajipanga, na lenzi ndefu zikaelekezwa kwenye vichaka. Mwenzangu aliinamisha kichwa. Ameshaona magari mengi yakimzunguka simba mmoja Ngorongoro. Mwongozaji wetu alirudisha boti nyuma bila kuulizwa, na nilimheshimu kwa hilo. Lakini fedha za boti zile zina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba utalii wa jagwa katika eneo hili huingiza dola milioni 6.8 hivi kwa mwaka, wakati hasara ya ng'ombe wanaoliwa katika eneo hilo ni dola 121,500. Baba yake kijana huyu, alivyotusimulia, alimwinda jagwa kwa mbwa na bunduki kama kila mchungaji wa zama zake, ingawa Brazili ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1967. Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 na kuua simba wetu, alikuja Pantanal Desemba 1913 akamwinda jagwa kwa njia hiyo hiyo.

Mwaka 2020 moto uliteketeza zaidi ya robo ya Pantanal ya Brazili. Encontro das Águas iliungua karibu yote. Wanasayansi waliohesabu mizoga walikadiria kwamba wanyama wenye uti wa mgongo wasiopungua milioni 17 walikufa papo hapo. Ukame ulikuwa umekausha hata udongo wa mboji, na moto ukapita chini ya ardhi, ukazuka mahali palipodhaniwa pamezimwa. Jagwa dume mmoja aitwaye Ousado aliokotwa nyayo zikiwa zimeungua, akasafirishwa hadi jimbo la Goiás, akatibiwa na kurudishwa mtoni mwezi uliofuata. Moto ulirudi 2023, ukarudi tena 2024. Kando ya kijito bado niliona mashina meusi yaliyosimama bila gome, na kijana yule, ambaye alibeba ndoo za maji siku hizo, hakutaka kuyazungumzia kwa muda mrefu.

Kabla ya kuondoka alitupandisha Chapada dos Guimarães, mwamba mwekundu unaoinuka kaskazini mashariki ya Cuiabá. Watalii huenda huko kupiga picha maporomoko ya Véu de Noiva, mita 86 za maji yanayoanguka kwenye bonde la kijani. Maji hayo huingia mto Coxipó, Coxipó huingia Cuiabá, na Cuiabá ndio ule tuliomwona jagwa kando yake. Kisha alituendesha kilomita chache nyuma ya maporomoko, mahali ambapo hapana cha kupiga picha: mashamba ya soya hadi upeo wa macho, yaliyokuwa nyika ya Cerrado. Chemchemi za Pantanal zinatoka juu huku, na wenye mashamba haya si wale wafugaji wa kule chini, wala hawapati hata senti moja ya jagwa. Mwenzangu aliuliza kwa ishara, akionyesha soya kisha kule bondeni: wanajuana? Kijana alitikisa kichwa kukataa. Akasema kila mgeni anayemwongoza humleta hapa mwisho, hata kama haimo kwenye ratiba, na hadai malipo ya mafuta.