Ritifaa na Fomu za Mtandao

Katika maandishi ya Kiswahili ipo alama ndogo iitwayo ritifaa. Umbo lake ni kijistari tu, lakini kazi yake ni kubwa: ndiyo itengayo sauti ya ng' na ile ya ng. Mwenye kung'oa mti hafanani na mwenye kulia ngoa. Sisi tunaofundisha lugha hii nchini Uganda hulikazia jambo hilo tangu masomo ya kwanza; na wanafunzi waliokulia katika Kiganda hulielewa upesi, kwa kuwa sauti hiyo wanayo, nao huiandika kwa herufi yake mahsusi, ŋ.

Basi hutusikitisha kuona kwamba tulijengalo darasani hubomolewa na kompyuta. Mwanafunzi mwenye asili ya Kenya, aitwaye Ng'ang'a, ajazapo fomu ya mtandao, huenda akaambiwa kwamba jina lake lina alama isiyoruhusiwa. Hulazimika kuandika Nganga. Baadaye cheti cha shule hutoka na jina moja, na cheti cha kuzaliwa kina jingine. Naye huanza kuhangaikia hati za kiapo ili athibitishe kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Sababu ya katazo hilo yaeleweka. Katika SQL, lugha ya kuendeshea hifadhidata iliyoasisiwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1970, alama hiyohiyo hufungua na kufunga maneno. Mwenye hila aweza kuitumia ili kupenyeza amri mahali palipotengwa kwa jina. Lakini dawa si kuifukuza alama. Dawa ni kuitenga amri na maneno yaliyojazwa, ili kompyuta isiyasome maneno hayo kama amri. Na njia hiyo watunzi wa programu wanayo tangu zamani. Kukataza ritifaa ni kumfungia nje mwenye nyumba kwa kumwogopa mwizi.

Hatusemi kila kisanduku kipokee kila kitu. Kisanduku cha mwaka wa kuzaliwa kina haki ya kudai tarakimu. Jina la mtu ni jambo jingine: mwenye jina ndiye ajuaye liandikwavyo. Tena ipo ritifaa iliyonyooka na ipo iliyopinda, na mfumo wa Unicode huzihesabu kuwa alama mbili. Fomu njema huzipokea zote na kuzilinganisha.

Wahenga walisema, jina jema hung'aa gizani. Katika fomu hizo hata methali hii haiandikiki. Walimu wenzetu, tusiwazoeze wanafunzi kuyakata majina yao ili fomu iridhike. Tuwaandikie wenye fomu, kwa Kiswahili sanifu chenye ritifaa zake zote.