Sakafu Inayohamishika

Wengi wetu wa Fizi tuliishi Nyarugusu, kambi ya Kigoma iliyofunguliwa mwaka 1996, na huko tulijifunza kujenga kitu ambacho kesho tungekiacha. Ujuzi huo ulituhitaji tena hapa Baraka. Koko mmoja, aliyeteremka kutoka milimani akikimbia mapigano, alipewa kiwanja cha kuazima. Mwenye kiwanja hakumkatalia bafu. Alikataza tu kitu cha kudumu. Koko akawa anaoga nyuma ya turubai, miguu ndani ya tope.

Basi asimame juu ya nini? Mbao hubebeka, lakini huoza na kuteleza, na mzee akianguka huenda asiinuke tena. Sahani ya plastiki ni nyepesi, ila isipolazwa juu ya mchanga ulioshindiliwa sawasawa hupinda na kupasuka. Wapo waliotaja vigae. Sisi tuliona vigae hupendeza macho kuliko vinavyofaa nyayo zenye sabuni. Tukachagua bamba la zege, sentimita 80 kwa 80, unene sentimita 6. Uzito wake hukaribia kilo 90, yaani mzigo wa vijana wanne, na vijana wanne tulikuwa nao.

Fundi alichanganya kipimo kimoja cha simenti, viwili vya mchanga na vitatu vya kokoto. Mchanga wa ziwani tuliuosha kwanza, kwa maana tope hudhoofisha zege. Alilaza nondo nyembamba katikati, akaacha tundu la bomba upande mmoja, akainua kingo kidogo. Lakini alichokisimamia kuliko vyote ni mteremko: sentimita 2 tangu ukingo wa mbali hadi tunduni. Ukipunguza, maji hutuama. Ukizidisha, mzee huoga kama aliyesimama mlimani. Kabla zege halijashika, akapitisha ufagio juu yake ili uso ukwaruze. Kisha tukalifunika kwa magunia yaliyoloweshwa kwa siku saba. Kila asubuhi koko aliuliza kwa nini tunamwagilia jiwe. Tulimjibu, “Koko, zege hukomaa kwa kunywa maji, si kwa kuanikwa.”

Kuliweka mahali pake kulichukua saa moja tu. Yaliyotuchelewesha ni maji machafu. Kule Fizi mjini, juu ya mlima, maji hayo humkimbilia jirani wa chini. Hapa ufukweni hatari iko ardhini: Tanganyika imefurika miaka ya karibuni, na tulipochimba shimo la majaribio, asubuhi tulikuta maji yamepanda kutoka chini. Kanuni hutaka shimo la maji machafu liwe mita 30 kutoka kisimani, na kitako chake kiwe mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Shimo letu lingemwaga uchafu wa koko moja kwa moja katika maji wanayochota wengine, tena katika mji unaokijua kipindupindu mwaka hata mwaka.

Tukalifukia shimo. Jirani, ambaye migomba yake iko mbali na kisima, alikubali bomba limalizikie kwake, kwa sharti kwamba nguo za mgonjwa zisifuliwe pale. Koko alikubali. Bomba limeunganishwa bila simenti. Siku mwenye kiwanja atakapokihitaji, litachomolewa, na wanne watalibeba bamba.