Mawimbi ya Saa Tisa Alasiri

Ukitaja Simiyu, wengi hufikiria pamba, ng'ombe na nyika kavu za Meatu. Lakini mkoa huu, tangu ulipoanzishwa mwaka 2012, una kipande chake cha Ziwa Victoria, kule Busega. Hapo ndipo nilipojifunza kupanda mawimbi juu ya ubao, mwaka 1978, vita vya Kagera vilipoanza. Siku zile upande huo, Nassa na jirani zake, ulihesabiwa Mkoa wa Mwanza, na sisi wa Bariadi tulikuwa watu wa Shinyanga.

Bariadi nilikozaliwa, mto ni mchanga kwa miezi mingi ya mwaka. Maji tuliyafukua. Unachimba kwa mikono mpaka kiwiko kizame, unangoja yajikusanye, unachota kwa kata, unangoja tena. Nilipopelekwa kwa mjomba, kule Busega, nikamalizie shule ya msingi, nilikuwa na umri wa miaka 13 na sijawahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Mjomba alikuwa mvuvi na nyumba yake ilikuwa karibu na mwalo. Usiku wa kwanza sikulala kwa sauti ya ziwa.

Ghuba ya Speke imelala magharibi kwenda mashariki, na mdomo wake umeelekea ziwa kuu. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji, na upepo huvuma kwenda ziwani; wavuvi walitweka tanga wakaondoka nao. Jua likipanda nchi huchemka, upepo hugeuka na kuwarudisha. Kufikia saa tisa alasiri unakuwa umeyasukuma maji mwendo mrefu, na mawimbi yanafika ufukweni yakiwa na povu. Si marefu kama ya Bahari ya Hindi. Ni mafupi na yamefuatana mno: hujavuta pumzi baada ya moja, la pili limeshakufikia.

Binamu zangu waliyapanda kwa mbao za mitumbwi iliyochakaa. Waliokuwa na akili walichagua ubao wa ubavuni, ule uliokwisha kupinda kidogo, kwa sababu ncha iliyoinuka haichomi maji. Waliulalia kwa tumbo, wakapiga miguu, wakaja nao mpaka mchangani wakipiga kelele. Niliwatazama nikiwa na ndoo kichwani, na moyo wangu wote ulikuwa kule.

"Mjomba, na mimi nataka ubao."

"Ubao utakuponyoka, mama," alinijibu. "Ujue kwanza kurudi bila ubao. Ukishajua, nitakuchongea mimi mwenyewe."

Wazee wawili watatu wa mwaloni hawakupenda. Msichana kulalia ubao mbele za watu, na mitumbwini wanawake hawakutakiwa hata kugusa nyavu! Mjomba aliwauliza swali ambalo nimelibeba maisha yangu yote: ni nani anayeshuka kwenye maji haya asubuhi na jioni, kuteka, kufua na kuosha vyombo? Basi mbona wanaofundishwa kuogelea ni wavulana peke yao? Hakuna aliyemjibu, na kesho yake alfajiri, kabla upepo haujageuka, nilikuwa majini nikiwa nimekumbatia dumu tupu, khanga nimeikaza kifuani.

Alinifundisha kwa utaratibu ambao hadi leo sijauona shuleni. Kwanza kulala chali na kuyaamini maji. Kisha kupumua, kisha miguu, mikono mwisho. Alinionya nisikaribie matete, kwa sababu ya mamba na viboko, na nisiingie kabisa wingu jeusi likisimama upande wa ziwa. Kichocho hatukukikwepa. Tuliumwa matumbo, tukaona damu chooni, na wengi wetu tulidhani ndivyo utoto ulivyo. Leo watoto hupewa dawa shuleni, nami nafurahi kila nikisikia.

Ubao alinichongea kabla ya masika. Ukilingoja wimbi, hulitazami; unalisikia mgongoni maji yanapojivuta kurudi nyuma chini ya tumbo lako. Hapo ndipo unapopiga miguu kwa nguvu zote. Ukichelewa, linakupita. Ukiwahi, linakufunika. Ukilipata, ubao unanyanyuka, unaacha kuogelea, unabebwa, na ardhi yote ya Busega, miamba na minyaa na ng'ombe waliokuja kunywa, inakukimbilia usoni. Mtoto wa mchangani mimi, nilicheka mpaka nikameza maji.

Siku moja wingu lilikuja kwa kasi na upepo ukageuka kabla ya wakati wake. Wimbi lilinipindua, ubao ukaenda zake kuelekea kilindini. Nilitaka kuufuata. Badala yake nililala chali, nikapumua kama nilivyofundishwa, kisha nikaogelea taratibu mpaka miguu ikagusa. Mjomba alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni. Hakunigombeza, wala kunisifu. Aliniambia nikaanike khanga.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Mskoti James Edward Alexander, aliyepita Accra miaka ya 1830, aliwaona wavulana wakiingia baharini na mbao nyepesi chini ya matumbo yao. Nilijiona katika wavulana wale. Dunia nzima inauhusisha mchezo huu na Hawaii, na Hawaii inastahili, lakini watoto wa Afrika nao waliujua zamani.

Lakini ziwa hili pia huua. Taifa linakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na kupinduka kwa kivuko cha MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018. Ni haki. Mtumbwi unaopinduka ukiwa na mama aliyekwenda kuuza mihogo ng'ambo hautajwi redioni. Tarehe 25 Julai sasa ni siku ya dunia ya kuzuia watu kufa maji, na siku hiyo natamani wasichana wote wa Busega wenye ndoo kichwani waingizwe majini na mtu mzima anayejua, alfajiri, ziwa likiwa limetulia.

Binti zangu nimewafundisha mwenyewe, upande wa Lamadi, huko huko Busega, kila likizo tuliyosafiri kutoka Bariadi. Wawili walijua mapema. Wa tatu aliogopa, nikamwacha akae mchangani mpaka alipoomba dumu kwa kinywa chake.